Mkanda wa picha si barua ya kawaida

Ndugu Mhariri,

Nimesoma makala yenu kuhusu vijana wa Kampala wanaoziacha simu zao mfukoni na kurejea kamera za mkanda, nami nimefurahi kuliko nilivyotazamia, kwa kuwa nimeendesha studio ya picha hapa Mbale tangu mwaka 1987 na kwa muda mrefu nilidhani kwamba kamera yangu ya Pentax itazikwa pamoja nami. Hata hivyo kuna sentensi moja ambayo siwezi kuiacha ipite. Mwandishi wenu anasema kwamba, kwa kuwa mahali pa kusafisha mikanda pamekuwa adimu, kijana anahitaji bahasha na stempu tu, na mengine atayaachia posta. Nimetuma mikanda kwa vifurushi, Nairobi na Uingereza, kwa zaidi ya miaka 10, na zipo picha nilizozipoteza njiani ambazo hakuna fedha itakayozirudisha. Bahasha na stempu havitoshi.

Sipingi kutuma. Wapo wanaodhani kwamba kupeleka mkanda mbali ni dalili ya unyonge wetu, ilhali biashara yenyewe ya picha za watu wa kawaida ilianza hivyo: kamera ya Kodak ambayo George Eastman aliiuza Marekani mwaka 1888 kwa dola 25 ilikuja na mkanda wa picha 100 ndani yake, na mwenyewe alipoumaliza aliirudisha kamera nzima kiwandani Rochester pamoja na dola 10, akaletewa picha zake na kamera iliyojazwa mkanda mpya. Sisi tulikuja kuzoea kusafishiwa mtaani kwa saa moja, tukasahau.

Kilichoziua maabara za mitaani ni dawa. Mkanda wa rangi husafishwa kwa utaratibu uitwao C-41, ambao dawa yake ya kwanza inatakiwa iwe na nyuzijoto 37.8 na mkanda ukae humo dakika 3 na sekunde 15, na joto likikosewa hata kwa sehemu ya nyuzi moja rangi huanza kupotoka. Mashine iliweza kushika hesabu hiyo pale tu mikanda mingi ilipopita kila siku na dawa ikaongezwa mpya kidogo kidogo. Wateja walipohamia simu, dawa ilikaa, ikaingiwa na hewa, ikachacha, na mwenye mashine akajikuta anamwaga dawa ya bei kubwa ili asafishe mikanda mitatu kwa wiki. Jirani yangu wa upande wa pili wa barabara alivumilia hivyo kwa miezi kadhaa, kisha mashine yake ikaondoka juu ya lori la vyuma chakavu. Mikanda ya nyeusi na nyeupe naisafisha mwenyewe jikoni usiku, kwa kuwa yenyewe hudai nyuzi 20 tu na husamehe makosa, ingawa bomba la Mbale halijawahi kunipa maji ya nyuzi 20 bila msaada wa barafu. Mikanda ya rangi ndiyo inayosafiri.

Sasa niseme kilichonipata. Mwezi Agosti 2024, imbalu, yaani tohara ya jadi ya Wagisu, ilipofunguliwa Mutoto hapa Mbale, familia moja iliniomba nimfuate kijana wao tangu siku ya kuzunguka kwa ndugu akicheza hadi asubuhi yenyewe ya kusimama mbele ya watu, nami nikapiga mikanda minne ya rangi. Niliifunga pamoja, nikaiacha kwenye ofisi ya vifurushi ambayo sitaitaja, maana nia yangu si kumkosesha mtu kazi, ili ivuke mpaka wa Malaba kwa basi la usiku na kufika Nairobi asubuhi. Siku tatu baadaye mwenye maabara akanipigia simu kuniuliza kama nilikuwa na ugomvi na kamera yangu, kwa kuwa mkanda mmoja ulikuwa umetoka mweusi tii kuanzia mwanzo hadi mwisho. Nilipofuatilia, nikaambiwa bila kificho kwamba mtumishi mmoja alitaka kuhakikisha kifurushi hakina kitu cha magendo, akafungua mkebe, akauvuta mkanda wote nje, akaunyoosha dirishani, na alipoona hauna picha yoyote akaurudisha ndani kwa uangalifu kabisa.

Sikuweza kumkasirikia kama nilivyotaka. Kwa umri wake huenda hajawahi kushika mkanda, na hakuna aliyemweleza kwamba picha ambayo haijasafishwa haionekani kwa macho, kwamba imelala ndani ya chembe za fedha ikisubiri dawa, na kwamba mwanga wa dirisha kwa sekunde moja huifuta. Nami nilikuwa na sehemu yangu ya kosa: nilikuwa nimeuacha ulimi wa mkanda ukichungulia nje ya kasha lake, lile dogo linalokaa ndani ya mkebe, kama nifanyavyo ninapojisafishia mwenyewe, badala ya kuuviringisha wote ukazama ndani. Mkanda uliozama hauvutiki kwa vidole. Lakini kijana hatahiriwi mara mbili, na mkanda ulioteketea ulikuwa ule wa asubuhi yenyewe.

Kwa wanaotuma ng'ambo, hatari ni nyingine, nayo haionekani. Kifurushi kinachoondokea Entebbe kwa ndege hupita chini ya mionzi ya eksirei, na mionzi huuachia mkanda ambao haujasafishwa ukungu wa kijivu unaomeza vivuli. Mashine za zamani za mizigo ya mkononi haziudhuru sana mkanda wa kasi ndogo, yaani usio mwepesi kunasa mwanga, ila mkanda wa ISO 800 (ISO ndiyo kipimo cha kasi hiyo) na kuendelea huathirika upesi. Mashine za mizigo mikubwa zina nguvu zaidi, na zile mpya za aina ya CT, zinazochunguza mzigo kwa mzunguko kama zile za hospitali, hazifai kwa mkanda wowote. Tena madhara hujumlishwa: mkanda uliopita kwenye mashine tatu umebeba mionzi ya zote tatu. Kwa sababu hiyo mimi hupeleka Uingereza mikanda ya ISO 100 na 200 tu, na ile ya kasi kubwa huipeleka Nairobi kwa barabara, hata kama ni lazima ningoje mtu ninayemfahamu anayesafiri. Mkanda ukishasafishwa na kuwa negativu, mionzi haiuwezi tena, kwa hiyo safari ya kurudi haina hofu hiyo.

Joto nalo lina madhara, ila polepole. Buti la basi lililoegeshwa juani mpakani kwa saa kadhaa hupika kila kilichomo, na picha iliyopigwa na isiyosafishwa hufifia kadiri inavyokaa na kadiri inavyopata joto, kwa hiyo usingoje mikanda ifike 10 ndipo uitume yote kwa nauli moja. Usiku ndio wakati wa kutuma. Kila mkanda ukae ndani ya mkebe wake wa plastiki, uandikwe namba na jina kwa kalamu isiyofutika, na ndani ya kifurushi kuwe na karatasi yenye jina la mtumaji, namba ya simu na sanduku la posta, kwa kuwa karatasi ya juu ikibanduka hakuna atakayejua mkanda ni wa nani.

Jambo ambalo makala yenu haikuligusa kabisa ndilo linaloniumiza kuliko yote. Baadhi ya maabara za ng'ambo hukutumia picha kwa intaneti, na usipoomba negativu zirudi, na usipolipa gharama ya kurudishiwa, huzitupa baada ya muda. Nimekutana na vijana wenye akili timamu ambao wameridhika na mpango huo, kana kwamba negativu ni ganda la karanga. Mwaka 2015, katika Shirika la Utangazaji la Uganda, lilipatikana kabati lililojaa negativu zinazokadiriwa kufika 70,000, nyingi zikiwa za enzi ya Idi Amin, na nyingi hazikuwa zimewahi kuonekana na mtu hadi zilipoanza kunakiliwa kwa njia ya dijitali. Mwaka 2019 baadhi ya picha hizo zilitundikwa katika Jumba la Makumbusho la Uganda pale Kamwokya, na watu wazima walisimama mbele yake wakitafuta nyuso wanazozifahamu. Hazikuokolewa na teknolojia yoyote, ila na mtu ambaye hakuzitupa. Mwenye kutuma mkanda wake Uingereza kwa shida zote nilizozieleza, kisha akaziacha negativu zake ziishie kwenye pipa la takataka la huko, amelipia safari nzima akashuka njiani.

Ninachoomba kwa wanaoshika vifurushi, wa posta, wa mabasi na wa forodha, hakihitaji bajeti. Kifurushi kilichoandikwa wazi kwamba kina mikanda ya picha isiyosafishwa kikaguliwe mtumaji akiwapo, kabla hakijafungwa, kwa kufungua kifuniko cha mkebe na kuligusa kasha bila kuvuta kilichomo. Kikiwa cha ndege, ombi la kukaguliwa kwa mkono badala ya mashine lisikilizwe pale sheria za usalama zinaporuhusu. Mtumaji naye aijaze hati ya forodha ya CN22 kwa ukweli, aandike ni nini na ni cha thamani gani, asiandike tu neno "zawadi" kwa kukwepa maswali, kwa sababu neno hilo ndilo linalowafanya watu wafungue. Na negativu zinaporudi kwa mwenyewe zisikadiriwe ushuru kama bidhaa mpya ya dukani, jambo ambalo limenipata mara mbili na mara zote mbili nimelipa kwa kuogopa zisije zikabaki ghalani.

Ile familia ya imbalu niliirudishia fedha ya mkanda mmoja. Baba wa kijana alizipokea, akazihesabu, akaniuliza kama mdogo wake kijana huyo akifika zamu yake mwaka 2026 nitakuja tena na kamera ileile. Nikamwambia nitakuja, na kwamba safari hii mikanda nitaipeleka Nairobi mwenyewe, nimeipakata.

Wako,
Mpiga picha wa studio,
Mbale