Mgebuka wa Kibirizi

Mwanga, Kigoma

Shoga yangu,

Salamu zikufikie hapo Mwanza. Huku hatujambo. Mama anakusalimu sana na anauliza utakuja lini. Nakuandikia kwa jambo moja tu: jana nimekula mgebuka, yule samaki wa ziwa letu, pale petu Kibirizi, kwa yule mama muuza chakula wa ufukweni.

Unapakumbuka? Yale mabenchi mawili ya mbao, turubai la bluu, mafiga, na moshi wa kuni uliokuwa ukitufuata kila tulikohamia. Sasa hakuna hata kimoja. Ziwa lilipopanda, maji yalifika mpaka pale tulipokuwa tunakaa, mama wa watu akahamishia vyombo vyake juu barabarani. Leo kuna vigae, viti vya plastiki, feni, na televisheni ya mpira inayopiga kelele. Mwenyewe amepumzika, miguu inamsumbua. Anayeendesha ni binti yake, yule mdogo aliyekuwa akitunawisha kwa birika.

Nilikuwa nimepasusa, sikufichi. Mwaka 2024, serikali ilipofunga uvuvi ziwani miezi mitatu, tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, nilikwenda pale nikaletewa sato. Nikauliza katoka wapi, nikaambiwa kaja kwenye barafu kutoka Mwanza. Shoga, mimi niliyezaliwa na kukulia kando ya Tanganyika, nikae Kigoma nile samaki wa kwenu! Najua ziwa lilifungwa ili samaki wazaliane, na naliunga mkono. Lakini siku ile kiliniuma, nikalipa nikaondoka hata sikuaga.

Jana ndiyo nikarudi. Kwenye karatasi ya vyakula, cha kwanza kabisa ni chipsi kuku. Nikamwita yule binti nikamuuliza, mwanangu, mgebuka mmeuacha? Hakujibu. Akanishika mkono hadi jikoni, akafunua beseni. Migebuka wanne, wa kadiri, macho bado yanang'aa.

Akaniambia kila alfajiri anashuka mwaloni kuzisubiri boti. Mbalamwezi ikiwaka, taa za wavuvi hazivuti kitu. Dagaa hawakusanyiki, na mgebuka anayewafuata dagaa naye haonekani. Basi siku hizo bei inapanda, na wengine wanamletea vitoto vya samaki, urefu wa kiganja. "Hao siwachukui, mama mdogo. Nikiwapika leo, mwakani nitapika nini?" Ndiyo maana mgebuka hawamwandiki kwenye karatasi. Akipatikana mkubwa, wateja wanaomjua wanaambiwa mdomoni. Nilijisikia vibaya kwa kule kuondoka kwangu bila kuaga.

Basi akanipikia nikiwa nimesimama palepale. Alimkata mikato mitatu kila ubavu, akampaka chumvi na ndimu, akambanika kidogo juu ya mkaa mpaka ngozi ikakaza. Kisha mawese. Aliyaacha yachemke taratibu mpaka ile harufu mbichi ikatoka, ndipo akatia kitunguu, nyanya, nyanya chungu zilizopasuliwa kati, na pilipili moja nzima ambayo hakuipasua. Ni mkono wa mama yake, shoga. Hata ile namna ya kugonga mwiko mara mbili kwenye ukingo wa sufuria. Ugali ulikuwa wa muhogo, ule unaovutika, si sembe.

Feni sikuipenda, na televisheni nimemwomba aipunguze sauti, akapunguza. Bei pia si ile ya zamani. Samaki mmoja sasa ni wa kufikiria kabla ya kuagiza. Lakini nilipochovya tonge la kwanza kwenye yale mawese mekundu, nilisikia kama ile meli ya Liemba inapiga honi bandarini na sisi tunaharakisha kumaliza ili tukaitazame ikiondoka.

Kichwa nilikitenga pembeni mwa sahani, kwa mazoea, maana ilikuwa zamu yako. Nilikaa nikikitazama muda, kisha nikakifyonza mwenyewe mpaka mifupa.

Ukipanga safari, angalia mwezi kwanza. Njoo siku za giza, na unijulishe siku mbili kabla nimwambie binti atuwekee wawili. Yule mama nimemwona pia, amekaa uani anachambua dagaa. Nilipotaja jina lako akauliza kama bado unakula pilipili bila kutoa machozi.

Nakusubiri,
Shoga yako wa Mwanga