Harambee ya darasa la kusoma la akina mama, Walukuba

Ndugu na jamaa wa Walukuba, mlio hapa Jinja na mlio mbali, tunawasalimu.

Mama mmoja jirani yetu alipopata kiharusi, mimi ndiye niliyetumwa kwake kuchukua nguo. Chini ya mto wa kulalia nikakuta bahasha mbili za dawa, za kaki, moja imeandikwa 1×1 (kimoja mara moja kwa siku), nyingine 2×3 (viwili mara tatu kwa siku). Vidonge vya maumivu vilikuwa vimekwisha. Vya presha, vya kumeza kimoja kila siku, vilibaki 23 kati ya 30. Nilivihesabu mara mbili. Baadaye alitueleza, mdomo umekwenda upande, kwamba alivimeza siku za kuumwa kichwa tu. Kumbe presha mara nyingi haiumi kabisa! Maelezo alipewa kwenye karatasi, naye hajui kusoma, karatasi akaifungia chumvi.

Leo mkono wake wa kulia hauinuki. Ndio uliokuwa ukikaanga samaki wa Masese na kulisha wajukuu.

Hakuwa mzembe, mama yule. Karo ya nyumbani kwao ilitosha kaka zake tu. Elimu ya msingi bila karo ilipoanza mwaka 1997, serikali ya Uganda ilichukua watoto 4 kwa kila familia, ikataka wasichana wasiachwe nje. Yeye alikwisha kuolewa. Rika lake ndilo sasa lililofika umri wa presha, sukari na mtoto wa jicho. Wanawake huishi zaidi ya wanaume, lakini wengi huimaliza miaka hiyo na magoti mabovu, macho hafifu na mgongo uliobeba kuni na madumu tangu utotoni.

Tunafungua darasa la jioni, siku tatu kwa wiki. Watajifunza kusoma bahasha ya dawa na tarehe ya kurudi kliniki, na kabla ya somo kila mmoja atapimwa presha.

Tunahitaji shilingi 3,000,000. Milioni 2 ni posho ya mwalimu kwa miezi 10. Mashine mbili za presha ni 360,000, miwani 30 ya kusomea ni 300,000 (aliyepita miaka 40 hujifunzaje herufi asizoziona?), na 340,000 ni vitabu, kalamu na taa.

Mchango wowote mkabidhini mweka hazina wa kikundi, naye atawaandikia risiti. Walio mbali watume kupitia jamaa zao wa hapa mtaani. Mwenye kiti asichokitumia atuletee pia, maana akina mama 32 wamejiandikisha na viti tunavyo 11.