Shukrani kwa dada wa Kadıköy

Dada yangu, jina lako sikuuliza. Haraka ilinitoa adabu. Mimi ni yule kijana wa Kisenyi, Kampala, uliyenikuta Kadıköy, mtaa wa Istanbul upande wa Asia, kwenye foleni ya basi la uwanja wa Sabiha Gökçen, nimekumbatia begi. Ulinisikia nikiongea na mama kwa simu, ukaiomba tiketi yangu, ukashika kichwa: "Kaka, ndege yako ya Entebbe inaondokea upande wa pili!"

Nani angedhani mji mmoja una viwanja viwili vikubwa, kimoja Asia, kingine Ulaya? Sisi tumezoea Entebbe tu. Uliacha shughuli zako, tukapanda Marmaray, treni ipitayo chini ya mlango-bahari wa Bosphorus tangu 2013. Nauli uliigonga mara mbili kwa kadi yako. Misikiti yote niliyoipiga picha wiki ile haikunishangaza kama wewe. Ng'ambo ukanitafutia teksi, ukabishana bei kwa Kituruki mpaka dereva akacheka.

Niliwahi kaunta ikikaribia kufungwa. Kwa lafudhi nahisi wewe ni wa Mombasa. Ukipita Kampala, fika Kisenyi: rolex, ile chapati yetu ya kukunjwa, ya mayai mawili na chai ya tangawizi ni juu yangu. Mama naye amekuwekea leso.