Neno "jumbo" halikutoka kwetu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie dai linalorudiwa mara kwa mara, magazetini na hata madarasani, kwamba "jumbo", neno la mazungumzo ambalo Waingereza hulitumia kutaja kitu kikubwa kupita kiasi, limetokana na "jambo" au "jumbe" la Kiswahili. Dai hilo linatupendeza, lakini tarehe zinalikanusha.

Ushahidi unaotolewa ni tembo aliyeitwa Jumbo, ambaye mwaka 1865 alipelekwa katika bustani ya wanyama ya London kutoka Paris. Tembo huyo alikamatwa akiwa bado mdogo katika maeneo ya mpakani mwa Sudan na Uhabeshi, mbali sana na mwambao wetu, na wenyeji wa huko hawakuwa Waswahili. Zaidi ya hayo, kamusi ya lugha ya mitaani iliyochapishwa London mwaka 1823 tayari ilikuwa na neno hilo, kwa maana ya pandikizi la mtu, mzito na asiye na wepesi. Yaani lilikuwa limeshachapishwa miaka 42 kabla ya tembo kufika. Wapo wanaolihusisha na "Mumbo Jumbo", kinyago cha Wamandinka wa Afrika Magharibi alichokieleza Francis Moore mwaka 1738 katika habari za safari yake ya Gambia, na dhana hiyo walau haipingani na tarehe.

Alichofanya tembo ni kulieneza neno. P. T. Barnum, mwenye sarakasi wa Marekani, alipomnunua mwaka 1882 kwa pauni 2,000, watoto wa Uingereza walimwandikia Malkia Victoria wakimsihi azuie mauzo hayo, na huko Marekani matangazo ya sarakasi yakalifanya jina lake kuwa sifa ya kila kikubwa. Aligongwa na treni Ontario, Kanada, mwezi Septemba 1885, ila jina halikufa naye: ndege ya Boeing 747, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1969, nayo iliitwa jumbo.

Tukumbuke pia kwamba jumbe wa pwani alikuwa mkuu wa mji, na anayeulizwa "hujambo?" anaulizwa kama hana jambo lililomsibu. Ukubwa wa umbo haumo.

Kiingereza kimekopa kwetu "safari", na mchezo wa Jenga, wa kupanga vipande vya mbao, uliotolewa mwaka 1983 na Leslie Scott, mzaliwa wa Tanganyika, umepewa jina kutokana na kitenzi chetu. Naomba waandishi wako watumie mifano hiyo, na hilo la "jumbo" waliache.

Mwalimu mstaafu wa Kiswahili,
Tanga