Barua ya wazi kwa Waziri wa Mipango ya Miji, Kaunti ya Nairobi: Wapangaji nao wasikilizwe

Mheshimiwa,

Nakuandikia kuhusu vikao vya kukusanya maoni ya wananchi. Kifungu cha 184 cha Katiba ya 2010 kinataka wakazi washirikishwe katika uongozi wa miji yao, nasi wapangaji ni wakazi.

Wakazi wa Karen na Lang'ata, mitaa ya wenye nacho, wana chama chao tangu 1940. Tangazo la ujenzi likitoka gazetini, huko hapakosekani wakili wa kulisoma wala mhandisi wa kulipima, na wa kufika ukumbini saa nne asubuhi siku ya kazi yupo. Siwaonei kijicho, wanatetea mtaa wao, na ndivyo inavyopasa. Lakini saa nne hiyo kibarua wa Viwandani, mtaa wa mabanda jirani na kwetu Mukuru kwa Reuben, yuko kiwandani, na akiondoka siku hiyo hana malipo.

Hata kikao kikiletwa mtaani kwetu, viti vya mbele hukaliwa na wenye mabanda. Wapangaji, ambao ndio wengi, husimama mlangoni. Wanajua choo kimoja kinatumiwa na ploti nzima. Wanajua bei ya mtungi wa maji inavyopanda mifereji ikikauka. Lakini mama atamsemaje landilodi mbele ya chifu, na kodi ya mwezi huu hajamaliza kulipa? Ananyamaza, anatia sahihi kwenye orodha ya mahudhurio, na kimya chake kinahesabiwa kuwa amekubali. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu mama huyo huyo ni mweka hazina wa chama cha akiba, na huko husikilizwa.

Njia ipo. Mukuru ilipotangazwa kuwa eneo la mipango maalum mwaka 2017, wakazi wa Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani, kaya zaidi ya laki moja, walipangwa katika vikundi vya kaya kumi kumi, Muungano wa Wanavijiji, shirika la wakazi wa mitaa ya mabanda, ukiwa mstari wa mbele. Kati ya majirani wachache, mtu hufungua kinywa.

Naomba vikao vifanywe Jumapili alasiri na matangazo yabandikwe penye vibanda vya maji. Vyama vya akiba na vya mazishi vialikwe kwa barua, kama vinavyoalikwa vyama vya wenye nyumba. Maoni ya wapangaji yachukuliwe kando, bila landilodi kuwepo, na ripoti ionyeshe ni wodi zipi kati ya zote 85 zilizosikika.

Wako mwaminifu,
Mpangaji, Mukuru kwa Reuben