Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mwanagenzi Asiishie Kushika Spana

Ndugu wanachama,

Suala lililochukua muda mwingi wa kamati mwaka huu ni vijana wanaoletwa na vyuo vya ufundi kujifunza kwenye karakana zetu za injini za boti, kuanzia Kibirizi hadi Ujiji, Kigoma. Chuo kinawapa misingi na vipimo. Mikono inapevukia kwetu. Kijana akiishia kupokeza spana na kufagia, anarudi chuoni mtupu, na kosa ni letu.

Kamati inaomba mwanagenzi akabidhiwe kazi nzima, aianze na kuimaliza. Chukueni oili ya gia. Afungue skrubu ya chini na ya juu za kasha la gia, aitazame inayotoka: ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yamepenya, na sili, yaani mipira ya kuzuia maji, zibadilishwe kabla ya kujaza mpya. Oili mpya huingizwa kwa tundu la chini mpaka itokeze juu, kisha skrubu ya juu ifungwe kwanza. Wenye haraka humimina kutoka juu. Hewa inanasa ndani, oili haijai, gia zinasagika.

Kwa injini ya oili-petroli yenye kipimo cha 50 kwa 1, lita 20 za petroli zinataka mililita 400 za oili, zipimwe kwa chombo chenye alama. Kukadiria kwa macho ndiko kunakonokisha injini. Oili ikipungua pistoni inakwama. Ikizidi plagi inashika masizi. Impela nayo, yaani feni ya pampu ya maji ya kupoozea injini, huliwa na mchanga boti ikiwashwa maji mafupi, kwa hiyo kijana azoee kutazama mchirizi wa maji ya kupoozea kila anapowasha.

Ratiba ifuate Ziwa Tanganyika. Mwaka 2024 uvuvi uliposimamishwa, 15 Mei hadi 15 Agosti, mitumbwi ilikuwa nchi kavu. Miezi kama hiyo ndiyo ya kufumua injini bila mvuvi kusimama mlangoni. Hata siku za mbalamwezi, wavuvi wa dagaa wanapopumzika, zinafaa. Tunaviomba vyuo vipange hivyo.

Mafundi mliojifunzia kazini, VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, hutathmini ujuzi huo na kuutolea cheti. Jiandikisheni kwa katibu twende kwa pamoja.

Kila mwanagenzi awe na daftari: tarehe, aina ya injini, tatizo, chanzo chake, kipuri kilichobadilishwa, sahihi ya fundi. Fundi asisaini kazi ambayo kijana aliitazama tu.

Mwenyekiti