Barua kwa Mwanangu: Karatasi Nilizofungashia Dagaa

Nansio, Ukerewe

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Shikamoo yako ilifika Jumamosi pamoja na bahasha, na aliyeileta hakukubali hata chai, alikuwa anawahi gari. Huku hatujambo. Mbalamwezi imejaa, mitumbwi imelala mwaloni, kesho sina dagaa wa kuanika, kwa hiyo nina usiku mzima wa kukuandikia. Simu hamruhusiwi huko bwenini, na hata mngeruhusiwa, haya nisingeyasema kwa simu.

Hadithi yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti, mdogo wako akinisikiliza. Nimesoma pia ile barua, pale unaposema wale uliowapelekea hadithi ya shindano hawajakujibu hata neno, na kwamba labda kuandika si fungu lako, heri ushike masomo ya sayansi uache mengine. Kabla sijakujibu, nina deni lako la miaka 6, na nataka nilitaje kwa mkono wangu.

Mwaka 2019 ulikuwa darasa la tano. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni, na sisi wa sokoni tukabaki tunagombania magazeti ya zamani ya kufungashia. Asubuhi moja niliishiwa. Nikachukua daftari juu ya kabati, lile la jalada la bluu, nikalifunua, nikaona halina vema wala kosa la mwalimu, nikasema moyoni hili si la shule. Nikalichana. Karatasi 11 zilikuwa zimeandikwa. Kufika saa nne zote zilikuwa zimeondoka na watu.

Hukulia. Laiti ungelia. Uliniuliza tu ni nani na nani walionunua, ukazunguka soko zima, ukafika hadi stendi. Ulirudi na karatasi 4 zinanuka dagaa, moja imechanika katikati. Nami badala ya kukushika, nikakwambia hadithi hazinunui unga. Nisamehe, mwanangu. Neno hilo nimelala nalo miaka yote hii.

Usiku ule ulikaa na kibatari ukaandika upya zile 7 zilizopotea. Nilidhani unayakumbuka uliyoandika mwanzo. Ni juzi tu, likizo ya Desemba, uliponiambia kwamba ulikuwa umeyasahau yote, na kwamba ulichofanya ni kufumba macho na kumsubiri bibi yako aanze kusema.

Ndiyo maana nimeshangaa unauliza kama hili ni fungu lako. Ulilipata kwenye mbalamwezi. Siku za giza sisi tuliamkia mwaloni kabla ya jogoo, kuwahi dagaa waliovuliwa kwa karabai, halafu kutwa tunaanika, tunageuza, tunatazama mawingu, maana mvua ya nusu saa inaweza kugeuza faida ya wiki nzima kuwa chakula cha kuku. Jioni hakuna mwenye nguvu ya hadithi. Lakini mwezi ukijaa dagaa hawakusanyiki kwenye taa, wavuvi wanapumzika, na ua wetu unajaa watoto. Bibi anaketi kwenye kigoda chake: "Hadithi, hadithi!" Nanyi mnapiga kelele: "Hadithi njoo, uwongo njoo, utamu kolea!"

Wenzako walikuwa wanasinzia katikati. Wewe ulikuwa unauliza. Fisi alipofungwa kamba, mama yake alikuwa wapi? Kwa nini hakuna aliyemwonea huruma? Bibi alikuwa anakasirika kidogo, anasema kaa kimya, hadithi haiulizwi. Kisha usiku wa pili anaisimulia ile ile, na mama yake fisi yumo, amejificha nyuma ya kichuguu analia. Nilikuwa napepeta mchele barazani na nilisikia. Hukuwa umeanza hata darasa la kwanza. Ulikuwa unatunga pamoja naye, yeye kwa mdomo, wewe kwa maswali, na sidhani kama yupo kati yenu aliyejua.

Sasa hii uliyonitumia. Lugha imenyooka, na maneno mengine nimeyasoma kwako kwa mara ya kwanza. Lakini ndani yake theluji inaanguka. Msichana ana koti refu, anapita kwenye mji wa maghorofa, na nilimfuata kama mtu anayemfuata mgeni asiyegeuka nyuma. Mpaka ukurasa wa 6. Hapo anakumbuka kwao, mvua inatokea ziwani, na wanawake wanakimbilia dagaa kama mtu anavyokimbilia mtoto aliyeanguka. Hapo nilinyamaza. Mdogo wako akasema, "Mama, huyo ni wewe." Mistari 4 tu, kisha ukarudi kwenye theluji.

Mwanangu, theluji sikukatazi. Mtu aliyezaliwa kisiwani lazima awaze ng'ambo. Ila mistari ile 4 niliisikia harufu yake, na kurasa nyingine sikusikia kitu. Nahisi uliiandika bila kufikiria shindano.

Hapa hapa kwetu aliishi Aniceti Kitereza. Alizaliwa mwaka 1896, akasoma kwa mapadri Kagunguli, akaenda seminari ya Rubya kule Bukoba, akajua Kilatini na lugha za Wazungu. Mtu wa elimu hiyo, wakati huo, angeweza kuandika habari za Roma na watu wangempigia makofi. Yeye alikaa chini akaandika, kwa Kikerewe, habari za mume na mke wanaotafuta mtoto. Akaweka humo kila kitu chetu: kulima, kuvua, dawa za miti, maneno ya kuongea na wakwe unapomfuata mke aliyerudi kwao, pombe ya ndizi. Na yeye na mkewe walikuwa wamezika watoto wao. Mimi nimeishia darasa la saba, sijui mengi ya vitabu, lakini kila nikiwaza kwamba mtu aliyefiwa na watoto alikaa akawatungia wengine mtoto, nashindwa kuendelea na nilichokuwa nafanya.

Kitabu hicho alikimaliza mwaka 1945. Hakikuchapwa. Uzee ukamkuta nacho. Akakigeuza mwenyewe kuwa Kiswahili, na kikatoka Dar es Salaam mwaka 1980. Miaka 35. Mwaka uliofuata akafariki.

Sikwambii haya ili kuidharau miezi yako mitano ya kusubiri jibu la shindano. Kimya kinauma, na wewe ni mtoto, unastahili kujibiwa. Nakwambia kwa sababu huwa najiuliza yule mzee alishikilia nini miaka yote hiyo, na jibu ninalopata ni kwamba alijua anawaandikia nani. Alitaka watakaozaliwa baadaye wajue wazee wao waliishi vipi. Na Euphrase Kezilahabi wa Namagondo, aliyezaliwa 1944, riwaya yake ya kwanza ilipotoka mwaka 1971 alikuwa bado kijana, na alikuwa ameipanda hapa hapa Ukerewe, kijijini kwake. Kisiwa kimoja, mwanangu, watu wawili wa namna hiyo. Wote walisikia sauti unazosikia wewe.

Sayansi soma, na usome kweli, mtihani wa kidato cha nne hausubiri mtu. Shaaban Robert mwenyewe alikuwa karani wa forodha. Ila usiniambie unaacha hili ili upate nafasi ya lile. Nakujua, ukiacha kuandika hata kula utaacha.

Nimebakiza jambo moja, nalo ndilo lililonitoa usingizini.

Mwezi uliopita nilikwenda kudai pesa zangu kwa mama mmoja, mteja wangu wa siku nyingi, anakaa kijiji cha ng'ambo ya ghuba. Nilikaribishwa ndani. Kuta zake amezibandika magazeti na kalenda, kama wengi wetu, na pale juu ya mtungi nikaona mwandiko ninaoujua, ile g yako inayojikunja kama ndoana. Karatasi ya daftari, ina doa la mafuta ya dagaa pembeni. Nilisimama pale mpaka mwenyeji akauliza kama naumwa.

Anasema alipofika nyumbani siku ile alimwaga dagaa kwenye ungo, akaisoma karatasi, akashindwa kuitupa. Mwanawe wa kwanza alijifunzia kusoma hapo. Wageni wakija, yule mtoto huwasomea. Nilimwomba aibandue nikuletee, akakataa kwa heshima, akasema ukuta utabaki mtupu. Basi nikaomba kalamu nikainakili nikiwa nimesimama, bila kubadili herufi, hata palipo na makosa. Nakala imo humu ndani ya bahasha.

Utaona inakatikia njiani: "Msichana akaweka mguu mmoja ndani ya mtumbwi, na" halafu basi, karatasi imekwisha. Nimezitazama zile 7 ulizoandika upya, na zile 4 ulizoziokoa. Mtumbwi haumo kabisa.

Nilipokuwa natoka, yule mama alinishika mkono mlangoni. Aliniuliza, "Huyo msichana, alivuka?" Nilimwambia nitakuuliza. Giza likianza nitapita tena kwake, kwa hiyo niandikie kabla ya hapo.

Mama yako